Aliyeita Nyama Ulikuwa Wewe

Oliva,

Najua u mzima, maana nakusikia chumba cha pili ukiimba huku unakunja nguo. Mimi pia ni mzima, ila nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, nimegeuza sinia kubwa la pilau nikaliweka mapajani, ndiyo meza yangu ya kuandikia. Jua halijazama na ugali wa jioni sijausonga. Leo mtasubiri.

Utajiuliza kwa nini nimwandikie barua mtu niliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Nimejaribu kusema, Oliva. Juzi nilianza ukanikata, "Mama jamani, ule ulikuwa mchezo tu." Jana nikaanza tena, ukaniambia hivyo hivyo, tena safari hii ulikuwa unatazama simu. Nikapandisha sauti, baba yako akatoka huko kwenye kahawa yake akaniambia, "Mama Oliva, usimtoe mtoto nyumbani kwa makelele. Kama yamekujaa, yaandike." Basi nayaandika. Kwenye karatasi huwezi kunikata.

Habari za safari yako ya kesho ya chuoni, begi, nauli, mwenyeji wako wa Iringa na kutokula ovyo njiani sizigusi. Umri huo unao na akili hiyo unayo. Nataka tuongee habari ya Jumamosi, sherehe ya kuzaliwa ya Zawadi, na nataka uisome yote kama nilivyoiona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa na maiki mkononi na mtu mwenye maiki hajisikii.

Unajua Zawadi alivyofika hapa. Mjomba wako hakumleta, nilimwomba mimi. Ulipopata nafasi ya chuo nilihesabu vyumba vya nyumba hii nikaona nitabaki na baba yako na magunia ya kahawa, nikashuka Lundo, kwetu ziwani, kwa mdogo wangu nikamwambia, nipe binti mmoja nimsomeshe. Alikuwa anatengeneza nyavu, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Dada, huyu Zawadi ni mpole sana. Huko juu hawatamwonea?" Nikamjibu kwamba anakwenda kwa shangazi yake, kwenye nyumba ambayo mama yake ni wa ziwani kama yeye, nani atamwonea? Nililitamka hilo mbele ya bibi yako, kwa kifua mbele kabisa. Sasa unajua kwa nini silali vizuri.

Na sherehe niliitaka mimi. Mtoto anatimiza miaka minane hajawahi kukatiwa keki. Ulipokubali kumwandalia michezo nilifurahi mno, maana mji huu wote wa Mbinga unakujua. Tangu umalize kidato cha sita, kila mwenye mtoto wa kusherehekewa anauliza, yule binti wa mama mpishi yupo? Mimi nimepika kwenye komunio na vipaimara na harusi za hapa hadi mikono imekuwa migumu, nimezoea kusifiwa kwa wali na rosti. Kusifiwa kwa mtoto ni tamu zaidi. Nilikuwa nikisikia jina lako naongeza nyama kwenye sahani ya aliyelitaja.

Kwa hiyo Jumamosi nilisimama pale mlangoni mwa jiko kukutazama kwa raha zangu zote. Ulivyomshawishi baba yako asogeze vichanja vya kahawa hadi ukutani ili uwanja upatikane, mtu ambaye mimi mkewe siwezi kumfanya asogeze hata kiti! Akanung'unika kwamba kahawa itashika unyevu, akavisogeza. Ukaanza na mbio za ndimu kwenye kijiko. Wale watoto wa mjini wanakimbia na ndimu zinadondoka kama mvua ya mawe, Zawadi anatembea zake taratibu, shingo imetulia kama amebeba ndoo ya maji kutoka ziwani, akafika wa kwanza wala hakujua kuwa ameshinda. Ukamwinua mkono juu. Halafu mbio za magunia, yale magunia ya kahawa ya baba yako, Glori wa jirani akaanguka kifudifudi akacheka hadi kamasi. Halafu maandazi ya kuning'inia kwenye kamba, mikono nyuma, kula kwa mdomo tu, nyuso zote zikawa mafuta. Kwenye mchezo wa viti muziki ulipozimwa Zawadi alikuwa ameshakaa, akamwona mtoto mdogo kuliko yeye hana kiti, akainuka akampa. Watu walicheka. Wewe ulicheka pia, lakini kwa upendo, ukasema kwenye maiki, "Huyu hajaelewa mchezo, ila ameelewa kitu kingine," ukamrudisha ndani. Niliposikia hivyo moyo ulinijaa. Nikasema huyu mwanangu si wa kufundishwa ualimu, anakwenda tu kuchukua cheti chake.

Nakuandikia haya ili ujue hasira sikutoka nayo ndani. Uliipandisha wewe, mchezo uliofuata.

Nyama nyama nyama. Mchezo mwepesi kuliko yote, hauhitaji kijiko wala kamba. Unaita mnyama, anayeliwa wanaruka na kuitikia nyama, asiyeliwa wanatulia, anayekosea anatoka. Uliita ng'ombe, wakaruka. Ukaita mbuzi, kuku, sungura, wakaruka. Ukaita paka, wawili wakaruka wakatoka wakicheka. Ukaita usipa, dagaa wa ziwani kwetu, hata baba yako kule kwenye vichanja aliitikia. Ukaita chura, nyoka, ukawatoa wengine. Wakabaki wachache wajanja, na Zawadi yumo, uso unang'aa kwa sababu huu sasa alikuwa ameuelewa. Nilikuona ukifikiri. Nakujua, najua jicho lako likitafuta kitu cha kuchekesha. Ukaita, "Kungu!"

Zawadi akaruka. Akaruka juu kuliko alivyoruka kwa ng'ombe, na mikono yote miwili hewani, "Nyama!" Peke yake.

Watoto wa hapa mlimani watajua nini kuhusu kungu? Wanawasikia tu, wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama moshi wa shamba linaloungua. Hawajui kama tunawadaka kwa ungo, tunawafinyanga, tunawapika, na kwamba ukila kungu na ugali wa moto unasahau nyama ya duka. Wewe unajua. Ndiyo maana uliwaita. Uliwaita hao kungu ukijua kabisa pale uwanjani kuna mtoto mmoja tu atakayeruka, na siku hiyo ilikuwa yake.

Ukasema kwenye maiki, "Weee Zawadi! Kungu ni nyama? Jamani huyu bado hajatoka ziwani! Nje, mla wadudu!" Wakaangua kicheko, wakashika neno lako hapo hapo, mla wadudu, mla wadudu, wanapiga na makofi. Na yule mtoto hakulia. Alikutazama kama mtu anayetaka kukusaidia, akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Lakini dada, si ulikula juzi?"

Hapo, Oliva. Hapo ndipo ungeweza kufanya lolote. Ungecheka ukasema, eeh kweli nilikula, umeniumbua, rudi ndani. Ungetoka na wewe mchezoni. Watoto wangefurahi kuliko kitu chochote. Badala yake ulimtazama Mama Glori na wenzake waliokaa kwenye viti vya mbele na simu zao juu, ukasema, "Mimi? Mimi sijawahi kula hao."

Kifurushi cha kungu kutoka kwa bibi yako kilifika Jumatano kwa dereva. Ulikifungua wewe. Ulikula kwenye kigoda hiki nilichokalia, ukaniambia nisimpe baba yako yote, ukalamba vidole. Zawadi alikuwa amekaa hapo mlangoni na sahani yake, mnakula wote, na ulimwambia, "Huko Iringa nitavikosa hivi." Mtoto huyo huyo ukamfanya mwongo mbele ya darasa lake zima.

Nina hasira kwa ajili ya mchezo, lakini kwa uongo ule nina hasira isiyo na kifuniko.

Ngoja nikuambie ulichokuwa hukioni, kwa sababu uliendelea na programu yako. Ulipofika wakati wa keki, Zawadi alipewa kisu akakata, akaanza kulisha watu kama inavyofanywa. Akanilisha mimi, akamlisha baba yako, akakulisha wewe, na ulifungua mdomo vizuri tu kwa ajili ya picha. Kisha wakapanga mstari watoto. Wa kwanza alikuwa Glori. Zawadi akampelekea kipande, Glori akageuza uso. Akasema, "Sitaki kwa mkono wake, ameshika wadudu." Wa pili akarudi nyuma. Wa tatu akafumba mdomo, akawa anatazama wenzake. Zawadi akabaki na kipande mkononi, krimu inamtiririka kwenye vidole, hajui akirudishe kwenye sinia au akile mwenyewe.

Na mimi mama yako, mpishi wa sherehe zote za mji huu, nilifanya nini? Nilimpokonya kisu. Nikasema kwa sauti ya uchangamfu, "Haya haya, muda umekwenda, tugawe kwenye sahani," nikaanza kukata vipande chapuchapu na kuvigawa, ili hakuna mtu wa kulishwa na hakuna mtu wa kukataa. Kila mtu alipumua. Mama Glori akaniambia nimefanya jambo la busara. Busara! Niliwaondolea aibu wale waliomkataa nikamwachia yeye ile ya kukataliwa. Mtoto wa mdogo wangu alisimama kando ya keki yake mwenyewe kama mhudumu niliyemkodi.

Halafu mkammwagia maji. Najua ndiyo desturi ya siku hizi, mwenye siku yake lazima aloweshwe. Uliwapanga wewe na ndoo na makopo, wakamkimbiza kuzunguka nyumba. Wote mliona mtoto aliyelowa anapangusa uso. Maji yaliisha, nikamchukua nikamfunga kanga, nikamkausha uso, ukalowa tena. Nikamkausha, ukalowa tena. Ndipo nikajua alikuwa analia tangu lini sijui, chini ya maji yenu, na watu wanampigia picha wanasema tazama anavyofurahi.

Jioni ukaweka ile video kwenye stetasi yako. Ile ya kungu. Na vikaragosi vya kucheka. Nilionyeshwa kanisani Jumapili na mtu aliyedhani nitacheka.

Sasa nifike kwa upande wangu, maana najua ukisoma utasema, mama naye ananishangaa nini, yeye ndiye aliyenifundisha. Ni kweli. Hilo usilitafute, nakupa mwenyewe.

Nilipoolewa kutoka Lundo nikapanda huku mlimani, nilikuja na kungu. Mama yangu alinifungia vizuri nimpelekee mama mkwe, kitu cha heshima, cha kwetu. Nikapiga magoti nikampa. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaniita mwanangu. Kesho yake asubuhi nilipokuwa nafagia nyuma ya nyumba niliwakuta kuku wanadonoa zawadi yangu. Nilifagia kuwazunguka nikaendelea. Sikusema kitu siku ile, na mwaka ule, na hadi anazikwa yule mama sikusema kitu. Na usifikiri yeye alikuwa anakula malaika. Wiki hiyo hiyo alinibanikia panya wa shambani, watano kwenye kijiti, akanisimamia hadi nikala mmoja, akaniambia ndiyo nyama ya wanaume wa hapa. Baba yako mwenyewe akiona panya mnene kwenye shamba la mahindi anasahau kama ana jembe mkononi. Nawatania wakwe zangu, na wao wananitania, na panya wao nimewazoea, ni watamu. Ila ona jinsi ilivyokuwa: chao nilikula hadharani, changu nikajifunza kukila nyuma ya mlango.

Na wewe ulizaliwa nyuma ya huo mlango. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupeleka kwa bibi yako, na siku kungu wakipaa ulikuwa humsikii mtu. Watoto wenzako walikimbia ufukweni wamefumba midomo, wewe ulikimbia umeachama, unacheka, unawala wazima, bibi yako anakufuata na ungo anasema, "Huyu hapiki huyu, mwacheni." Ulikuwa na miaka minne. Kungu wakiisha kwenye sahani ulikuwa unalala chini.

Kisha ukaanza shule ya awali. Ukarudi siku moja ukasema mwalimu anamuuliza kila mtu jana yake alikula nini nyumbani, na zamu yako ni kesho. Nilikuwa nasuka nywele zako. Nikakuambia, "Sema usipa." Ukasema, "Lakini tulikula kungu." Nikakuvuta nywele kidogo nikasema, "Sema usipa." Ukasema usipa. Nikaona nimekukinga. Nilikuwa nakutakia mema, nakuapia, nilikuwa naona wale kuku wanadonoa. Lakini mtoto hasikii hofu ya mama yake, anasikia maneno tu, na maneno niliyokupa yalikuwa kwamba kuna chakula cha kula na kuna chakula cha kutaja. Ukalibeba hilo hadi Jumamosi. Kwa hiyo nikiwa na hasira na wewe, ujue nyingine inapitiliza inanifikia mimi hapa kwenye kigoda.

Lakini haikufuti wewe. Mimi nilinyamaza, wewe uliita. Mimi nilificha sahani yangu, wewe ulichukua ya mwenzako ukaimwaga mbele za watu. Usichukue kosa langu ukajifunika nalo.

Jumatatu Zawadi alikwenda shule akarudi saa ya mapumziko, ametembea peke yake. Darasani hawamwiti Zawadi tena. Jina lake sasa ni Kungu. Mwalimu wa zamu alisikia akadhani ni jina la kwao, naye akamwita hivyo kwenye mstari. Tangu siku hiyo hajakwenda. Anafua nguo ambazo zimeshafuliwa, anafagia ninapofagia, anakula kidogo kama mgeni anayeogopa kumaliza chakula cha wenyewe. Kungu wa bibi yako wamebaki kwenye kifurushi, hawagusi. Jana akaja akasimama hapa akaniambia, "Shangazi, naomba nirudi kwa baba." Nikamuuliza kwa nini, ingawa nilijua. Akasema, "Nikirudi, dada hatapata shida na marafiki zake."

Umesikia? Mtoto huyu anafikiri amekuharibia wewe.

Nilimpigia mjomba wako. Nilikuwa nimejiandaa anigombeze. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Nilisikia watu wa mtumbwi wanaongea nyuma yake, kisha akasema, "Mrudishe tu, dada. Asije akanyong'onyea huko." Kwa hiyo kesho nyumba hii inaondokewa na watoto wawili. Wewe unapanda basi la asubuhi kwenda Songea hadi Iringa, yeye anapanda gari la mchana kushuka ziwani. Wewe unakwenda kujifunza kulea watoto wa watu, na yeye anarudi kwa sababu yako. Nimezunguka na jambo hilo kichwani tangu jana, nikichambua mchele nalikuta, nikisali nalikuta.

Sikufundishi ualimu, sijausomea. Ninachojua ni cha jikoni. Mtu anayepakua ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani, anaweza kumfanya mtu ajione amealikwa au ajione amevamia, na wala hahitaji kusema neno. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na nimewahi kuitumia vibaya, nikampa mtu maskini mfupa kwa sababu tu sikupenda viatu vyake. Wewe utasimama mbele ya watoto hao wadogo kila siku ya Mungu. Utaita na wataruka. Utakachosema si nyama, hakitakuwa nyama. Watakuamini kuliko mama zao. Nikiwaza hivyo naogopa, Oliva, na sikuwahi kuogopa chochote kuhusu wewe.

Sasa sikiliza nilichofanya leo uliponiona natoka na mwavuli ukaniuliza naenda wapi nikakuambia sokoni. Sikwenda sokoni. Nimepita nyumba kwa nyumba kwa watoto wote waliokuja Jumamosi. Nimewaomba wazazi wao waniletee watoto kesho mapema, kabla ya basi lako, nimesema kuna chai na maandazi na mchezo mmoja wa kumuaga Oliva. Mama Glori akaniambia, "Mama Oliva, watoto wenyewe wameshasahau." Nikamwambia Zawadi hajasahau. Akachezea ufunguo wa geti, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama vile kuna mtu mwingine anayetusikiliza, "Unajua hata sisi kwetu panya tunakula. Glori anawapenda sana." Nikamwambia basi amlete Glori, na aje na simu yake ile ile.

Kisha nikarudi nikamkalisha Zawadi. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza nilimwomba msamaha kwa kile kisu. Akasema, "Haina shida, shangazi," kwa haraka, kama mtu mzima anayemaliza mazungumzo, nikamwambia ina shida, asiseme tena haina. La pili nikamwambia kwamba gari lake ni la mchana na hakuna atakayemzuia kupanda. Lakini asubuhi watoto watakuja, na nataka yeye ndiye aite. Maiki ashike yeye.

Unajua anavyofikiri, anakunja ukingo wa gauni na kuukunjua. Akaniuliza, "Naruhusiwa kuita chochote?" Nikasema chochote. Akakunja gauni, akakunjua. Akauliza, "Na dada Oliva naye atacheza?"

Wewe ni mtoto wangu wa pekee. Nimekubeba mgongoni kutoka Lundo hadi kituoni wakati gari limeharibika, najua ukiumwa kabla hujajua mwenyewe, najua chai yako inataka sukari kiasi gani. Na nilipoulizwa swali hilo na mtoto wa miaka minane, nilitafuta jibu nikalikosa. Ningeweza kumdanganya ili afurahi. Nimeshadanganya vya kutosha ndani ya nyumba hii, nikamwambia sijui.

Sikuamuru. Ukitaka, kesho pita mlango wa mbele na begi lako uende zako stendi, baba yako atakusindikiza, nauli ni yako na baraka zangu za mama utakuwa nazo, hazina masharti. Kama utakuja uwanjani, njoo mikono mitupu. Simu iache ndani.

Zawadi hakukasirika nilipomwambia sijui. Aliuliza tu swali jingine: kama wewe huji, na watoto wote wakitulia kama siku ile, kungu ataachwa aitwe bure? Nikamwambia hapana. Magoti yangu unayajua, na unene wangu unaujua, na wanawake wote wa mtaa huu watakuwa wamekaa kwenye viti vya mbele. Lakini hilo moja nililijua, nikamjibu bila kufikiri.

Mimi nitaruka.

Mama yako